Albert Broccoli: Mtoto wa wakulima aliyempa James Bond sura tano

Sean Connery, Roger Moore na Pierce Brosnan ni majina yanayojulikana na kila mpenzi wa filamu za kijasusi. Jina la mtu aliyewachagua halijulikani sana. Kabla ya kumleta James Bond kwenye sinema, mtu huyo alitengeneza filamu Kenya, wakati nchi ikiwa katikati ya vita vya Mau Mau.

Ukimtaja James Bond mbele ya wapenzi wa filamu, iwe Mbinga mjini, Mbamba Bay au Dar es Salaam, ubishi hauchelewi. Mmoja atasema hakuna kama Connery. Mwingine atamtetea Moore kwa ucheshi wake. Vijana watamtaja Daniel Craig, kwa sababu akipigwa anaonekana kweli kaumia. Watu wa rika la kati walizijua filamu hizi kwenye mabanda ya video, enzi za kanda na jenereta, na baadaye kwenye DVD ambazo mfasiri alikuwa akizisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji.

Ubishi huo ni mtamu, lakini unamwacha nje mtu mmoja muhimu. Mwigizaji hajiteui mwenyewe. Kuna mtu anayeketi upande wa pili wa meza, anayetafuta fedha, anayesaini mikataba, na mwisho anasema fulani ndiye. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu huyo alikuwa Albert Romolo Broccoli, Mmarekani mwenye asili ya Italia. Maisha yake yanasaidia kuelewa kwa nini Bond amebadilika sura mara nyingi bila kufa, na pia kwa nini Mwafrika ndani ya filamu za aina hii amepewa nafasi ndogo kwa muda mrefu.

Shamba la mboga

Broccoli alizaliwa Aprili 5, 1909, mjini New York. Wazazi wake walitoka Calabria, kusini mwa Italia, eneo ambalo lilikuwa maskini na watu wake wengi walihamia Marekani. Familia ililima mboga katika kisiwa cha Long Island na kuzipeleka kwenye masoko ya jiji. Jina lao la ukoo ni sawa na la mboga ya brokoli, na familia ilipenda kusimulia kwamba mababu zao ndio walioikuza.

Mkulima wa kahawa wa Mbinga ataelewa maisha yale bila kuelezwa sana: kuamka kabla ya jua, kutegemea bei inayopangwa na mtu mwingine, na kuona msimu mmoja mbaya ukila akiba ya misimu mitatu. Albert mdogo alikulia humo. Binamu yake ndiye aliyempa jina la utani la Cubby, ambalo lilimganda hadi kaburini.

Alifanya kazi ya duka la dawa, akafanya kazi kwa mtengeneza majeneza, kisha akaenda California, ambako binamu yake alikuwa amekwisha kujipenyeza katika watu wa Hollywood. Huko aliuza miti ya Krismasi na kufanya kazi za chini kwenye studio, akapanda polepole hadi kuwa msaidizi wa mwongozaji. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika alijiunga na jeshi la majini la Marekani. Baada ya vita akawa wakala wa waigizaji, yaani mtu anayewatafutia kazi na kujadili malipo yao.

Kazi hiyo ya uwakala ilimfundisha jambo ambalo baadaye lilimfaa sana. Alijifunza kumtazama mtu anavyoingia chumbani, anavyotembea, anavyokaa, kabla hajafungua mdomo. Alijifunza pia kwamba nyota wa filamu akijua hawezi kubadilishwa, bei yake haina mwisho.

Tozo ya London na safari ya Kenya

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Broccoli alihamia London. Yeye na mshirika wake Irving Allen walianzisha kampuni ya Warwick Films. Walikuwa na sababu ya kibiashara. Serikali ya Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kutoza sehemu ya bei ya tiketi za sinema na kuwagawia watayarishaji wa filamu zilizohesabiwa kuwa za Kiingereza. Ili filamu ihesabiwe hivyo, sehemu kubwa ya wafanyakazi ilipaswa kuwa ya Waingereza au watu wa himaya yao. Wamarekani wawili waliweza kuleta nyota kutoka Hollywood, wakaajiri mafundi wa Uingereza, na wakanufaika na mfuko huo.

Makoloni nayo yalikuwa chini ya bendera ileile. Kenya ilikuwa na wanyama, milima, jua la kutosha kwa kamera, na haikuvunja masharti. Ndivyo Warwick ilivyofika Afrika Mashariki. Mwaka 1956 kampuni hiyo ilitoa filamu mbili zilizopigwa Kenya. Moja iliitwa Odongo, kisa cha mtoto wa Kiafrika kwenye kambi ya mfanyabiashara wa wanyama. Nyingine iliitwa Safari, ikiwa na Victor Mature na Janet Leigh. Mwaka 1959 ikafuata Killers of Kilimanjaro, iliyouza jina la mlima wa Tanganyika kwa watazamaji wa Ulaya na Marekani.

Safari ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wamefungiwa kambini, na vijiji vilizungushiwa uzio. Dedan Kimathi alikuwa bado msituni, akakamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Katika hali hiyo, filamu ilimsimulia mwindaji mzungu ambaye mwanawe ameuawa na Mau Mau, naye anaingia porini kulipiza kisasi. Kwa nini watu walichukua mapanga, ardhi yao ilikwenda wapi, nani alikuwa kambini: hayo hayakuwa na nafasi katika kisa hicho. Mwafrika alikuwa mtumishi mwaminifu au adui wa kuwindwa.

Mkuu wa wapiganaji katika filamu hiyo aliigizwa na Earl Cameron, mwigizaji mweusi aliyezaliwa Bermuda na kufanya kazi Uingereza. Mwongozaji alikuwa Terence Young. Majina hayo mawili yatarudi mbele ya safari yetu. Young ndiye aliyekuja kuongoza filamu ya kwanza ya James Bond, na Cameron alionekana katika Thunderball ya mwaka 1965, safari hii akiwa msaidizi wa Bond huko Bahamas.

Kwa hiyo kanuni za Bond zilianza kupikwa mapema. Mandhari ya mbali, mwanaume shupavu, mwanamke mrembo, adui asiyehitaji kuelezwa, mwendo wa haraka na gharama iliyobanwa: Broccoli na Young walizifanyia mazoezi Kenya miaka sita kabla ya 007.

Mkutano uliompita

Wakati huo mwandishi Ian Fleming alikuwa ameanza kuuza riwaya za James Bond, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1953. Fleming alikuwa amefanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kazi halisi aliyoijua ilikuwa ya ofisini zaidi: kupanga, kusoma taarifa, kuhakikisha upande wako unajua jambo kabla ya adui.

Mwambao wa Ruvuma una kisa kinachoonyesha nguvu ya kujua mapema. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilikuja kutoka upande wa Nyasaland hadi Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alifahamiana na Rhoades na hakuwa na habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani. Taarifa ya telegrafu ilikuwa imewafikia Waingereza kwanza. Meli ikaharibiwa, nahodha akachukuliwa mateka, na Ziwa Nyasa likabaki mikononi mwa upande mmoja. Hakukuwa na gari lenye mitambo wala bastola yenye kizuia sauti. Waya wa simu ulitosha.

Fleming alilijua hilo, lakini alijua pia kwamba msomaji hanunui kitabu cha mafaili. Akampa Bond bunduki, kamari, chakula kizuri na wanawake.

Broccoli aliona mapema kwamba vitabu hivyo vinafaa kwa sinema. Mkutano na Fleming ulipangwa, lakini mke wake wa pili, Nedra, alikuwa mgonjwa wa saratani, na Broccoli hakuweza kuhudhuria. Allen alikwenda peke yake na kumweleza Fleming, kwa maneno makavu, kwamba kazi zake hazifai hata kwa televisheni. Mazungumzo yakafa. Nedra alifariki mwaka 1958, akiacha watoto wadogo. Mwaka 1960 filamu yao kuhusu kesi za Oscar Wilde ilishindwa kuingia vizuri katika soko la Marekani kwa sababu ya mada yake, na Warwick ikaanguka.

Broccoli alikuwa amevuka miaka 50. Kampuni ilikuwa imekwisha, fedha zimepotea, na vitabu alivyovitaka vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na Harry Saltzman, mtayarishaji kutoka Kanada. Alikuwa ameoa tena mwaka 1959. Mke wake mpya, Dana, alikuwa mwandishi, mwenye mtoto wa kiume aitwaye Michael Wilson. Mwaka 1960 wakapata binti, Barbara. Watoto hao wawili ndio waliokuja kurithi kazi.

Bahati ilikuwa kwamba Saltzman alikuwa na haki za vitabu lakini hakuwa na fedha, na muda wake ulikuwa unakwisha. Broccoli alikuwa na marafiki katika makampuni ya filamu. Wakaungana mwaka 1961. Mwezi Juni mwaka huo walikwenda New York na kampuni ya United Artists ikakubali kutoa takriban dola milioni moja, bajeti ya kawaida sana kwa filamu ya aina hiyo.

Connery: mwendo wa paka

Sasa ilibidi kumpata Bond. Fedha hazikutosha kumlipa nyota mkubwa, na Broccoli hakumtaka. Nyota angekubali filamu moja au mbili, kisha angeondoka na mhusika wake.

Sean Connery alizaliwa Edinburgh mwaka 1930 katika familia ya wafanyakazi. Aliwahi kusambaza maziwa, akawa baharia, akashiriki mashindano ya kutunisha misuli. Alikuja kwenye mahojiano akiwa amevaa ovyo na hakuwanyenyekea watayarishaji. Alipotoka, walimtazama dirishani akivuka barabara. Mtu mkubwa kiasi kile alikuwa anatembea kwa wepesi wa paka. Broccoli alipomuuliza Dana kama kijana huyo ana mvuto kwa wanawake, Dana hakusita kukubali. Fleming hakuridhika mwanzoni, maana alikuwa amefikiria mtu wa tabaka la juu. Terence Young alimpeleka Connery kwa fundi wake wa nguo, akamfundisha kuvaa suti mpaka ikawa kama ngozi yake.

Filamu ya Dr. No ilizinduliwa London Oktoba 5, 1962. Umaarufu uliofuata uliwashangaza hata waliomchagua. Fleming alibadili mawazo, na katika riwaya yake ya mwaka 1964 akampa Bond baba Mskoti. Alifariki Agosti mwaka huohuo, wiki chache kabla ya Goldfinger kuingia kwenye majumba ya sinema na kuweka kiwango ambacho filamu zote zilizofuata zilipimwa nacho.

Kilichomfanya Connery awe tofauti ni hatari. Anapotabasamu, mtazamaji hana uhakika kama atafuata utani au ngumi. Lakini alichoka haraka. Waandishi wa habari walimfuata hadi chooni wakati wa kupiga picha Japan, na aliona watayarishaji wanatajirika kuliko yeye. Baada ya You Only Live Twice ya mwaka 1967 akaondoka. Ugomvi kati yake na Broccoli uliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1984 Connery alimfikisha mahakamani akidai fedha.

Lazenby: jaribio lililoogopwa

Hapo ndipo swali kubwa lilipojitokeza. Je, watu walikuwa wanampenda Connery au wanampenda Bond? Broccoli na Saltzman waliamua kujaribu kwa ujasiri wa ajabu. Walimchukua George Lazenby, Mwaustralia aliyekuwa mwanamitindo wa matangazo, ambaye hakuwa ameigiza katika filamu yoyote kubwa. Alishona suti kwa fundi wa Connery na kunyoa nywele kwa mtindo uleule kabla ya kwenda kuwaona. Katika majaribio alimpiga ngumi mtaalamu wa mapigano kwa bahati mbaya, na wakapenda nguvu yake.

On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969 ni filamu ya pekee katika mfululizo wote. Bond anapenda kweli, anaoa, na mke wake anauawa siku ya harusi. Lazenby hana mbwembwe za Connery, lakini pale anapokaa na maiti ya mkewe garini, upungufu wake wa uzoefu unageuka kuwa ukweli. Hata hivyo, alishauriwa kwamba enzi za Bond zimekwisha, akaondoka baada ya filamu hiyo moja.

Broccoli alikwisha kusaini mkataba na mwigizaji wa Marekani, John Gavin, kwa filamu iliyofuata. United Artists ikaogopa na kumrudisha Connery mwaka 1971 kwa malipo ya dola milioni 1.25, fedha ambazo Connery alizielekeza kwenye mfuko wa elimu wa Scotland. Gavin alilipwa bila kuigiza. Hata mwenye kuchagua ana mwenye mfuko juu yake.

Moore: kicheko, na filamu ya mto Ruvuma

Roger Moore alikuwa mkubwa kwa Connery kwa miaka mitatu, ingawa wengi hudhani kinyume. Aliingia mwaka 1973 na Live and Let Die, akacheza filamu saba hadi 1985, alipokuwa na miaka 57. Moore hakujaribu kuwa Connery. Aliinua nyusi, akatania, akawafanya watazamaji wajue kwamba hata yeye haamini yote yanayotokea. Wazazi waliweza kwenda na watoto.

Filamu yake ya kwanza iliwapa waigizaji weusi nafasi nyingi kuliko zote zilizotangulia, na karibu zote zilikuwa za wahalifu. Yaphet Kotto aliigiza adui mkuu kwa uwezo mkubwa, lakini kisa kilichanganya uganga, dawa za kulevya na mitaa ya watu weusi kana kwamba ni kitu kimoja.

Moore ana uhusiano wa karibu zaidi na huku kwetu kupitia filamu ambayo Broccoli hakuitengeneza. Mwaka 1976, katikati ya miaka yake ya Bond, alicheza pamoja na Lee Marvin katika Shout at the Devil. Kisa kinatoka kwenye riwaya ya Wilbur Smith, kuhusu majangili wa pembe za ndovu wanaovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji ya Wareno kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani, na manowari ya Kijerumani inayojificha, kama Königsberg ilivyojificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipozamishwa Julai 1915. Mwongozaji alikuwa Peter Hunt, yuleyule aliyeongoza filamu ya Lazenby.

Lakini Ruvuma ile ilipigwa picha Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi. Wakati huohuo mkoa wa Ruvuma halisi ulikuwa umetoka tu kuishi jirani na vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza 1964, na Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika. Kazi za siri, wapelelezi na mipaka inayovukwa usiku vilikuwa sehemu ya maisha ya hapa. Kamera zilikuwa kwingine.

Kwa Broccoli, miaka hiyo ilikuwa ya kujaribiwa tena. Saltzman alizama kwenye madeni na mwaka 1975 akauza hisa zake kwa United Artists. Broccoli akabaki peke yake, na wengi walisema filamu zimechoka. Alijibu kwa kuongeza dau. Kwa The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977 bajeti ilikuwa karibu mara mbili ya filamu iliyotangulia, na alijenga jengo kubwa la kupigia picha katika studio za Pinewood kwa sababu hakuna lililotosha kuweka manowari ndani ya meli ya mafuta. Filamu ilifanikiwa mno. Machi 1982, waandaaji wa tuzo za Oscar walimpa tuzo ya Irving Thalberg, heshima ya watayarishaji, na Moore ndiye aliyemkabidhi.

Dalton, Brosnan na mwisho wa safari

Mwaka 1986 Broccoli alimtaka Pierce Brosnan, Muairishi aliyekuwa maarufu kwa tamthilia ya televisheni ya Remington Steele. Habari za uteuzi huo ziliifanya tamthilia ipate umaarufu mpya, kampuni ya televisheni ikaamua kuiendeleza, na mkataba ukamfunga Brosnan. Broccoli hakukubali kumgawana. Alimchukua Timothy Dalton, mwigizaji wa jukwaani aliyesoma vitabu vya Fleming kwa makini.

Dalton alimrudisha Bond kwenye uzito: mtu mwenye hasira, anayechukia sehemu ya kazi yake. Katika Licence to Kill ya mwaka 1989 ananyang'anywa leseni na kufuata kisasi chake binafsi. Watazamaji wa wakati ule, waliozoea utani wa Moore, hawakuwa tayari. Leo, baada ya kumwona Craig, wengi wanamwona Dalton kama mtu aliyetangulia mno.

Kisha mivutano ya kisheria kuhusu umiliki wa kampuni ya MGM/UA ikasimamisha kila kitu kwa miaka sita. Broccoli alizeeka akingoja. Afya ilipomshinda, Barbara na Michael wakachukua kazi za kila siku. Brosnan alipatikana hatimaye, na GoldenEye ikatoka Novemba 1995. Alikuwa na wepesi wa Moore na kidogo cha ukali wa Connery, na alirudisha watazamaji kwa wingi baada ya vita baridi kwisha.

Albert Broccoli alifariki Juni 27, 1996, nyumbani kwake Beverly Hills, akiwa na miaka 87. Filamu ya Bond iliyofuata, mwaka 1997, iliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Alichoacha, na alichokiacha nje

Ukiwapanga waigizaji wale watano kwa utaratibu, utaona kila mmoja alijibu hitaji la wakati wake. Connery alileta ukali kwa dunia iliyotoka kwenye njaa ya vita. Lazenby alithibitisha kwamba kiti kinaweza kukaliwa na mwingine. Moore alileta kicheko miaka ya mfumuko wa bei na uhaba wa mafuta. Dalton alileta uchungu, Brosnan akaleta utulivu. Broccoli aliweza kuwabadilisha kwa sababu aliwekeza kwenye kiti kuliko kwa anayekikalia. Hilo lilimtajirisha, na ndilo lililomgombanisha na Connery, ambaye alijiona amejenga nyumba asiyoimiliki.

Watoto wake waliendelea na utaratibu huo. Mwaka 2006 walimleta Daniel Craig katika Casino Royale. Afrika Mashariki ikaonekana tena: sehemu ya mwanzo wa filamu inaonyeshwa kuwa Mbale, Uganda, ambako kiongozi wa waasi, aliyeigizwa na Isaach de Bankolé wa Ivory Coast, anakabidhi fedha zake kwa mtu wa benki wa magaidi. Msitu ule wa Mbale ulipigwa picha Uingereza. Miaka 50 ilikuwa imepita tangu Safari, na jirani yetu bado alikuwa mtu mwenye bunduki porini. Craig aliendelea hadi 2021, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba Amazon MGM inachukua usukani wa ubunifu kutoka kwa familia hiyo.

Wasomaji wa Kiswahili walikuwa na jibu lao. Mwaka 1974 Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona, akimleta Willy Gamba, mpelelezi wa Kitanzania anayevaa vizuri, anayependwa na wanawake na asiyeshindwa kirahisi. Kufanana na Bond kunaonekana wazi. Tofauti iko kwenye upande anaousimamia: Gamba anapambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Mwafrika ndiye mwenye akili, mbinu na mamlaka. Riwaya hizo zilisomwa hadi kurasa zikachanika, lakini Gamba hakupata mfululizo wa filamu wa kulingana na umaarufu wake. Mwandishi alikuwepo, wasomaji walikuwepo, na waigizaji wasingekosekana. Aliyekosekana ni mtu wa kukaa upande wa pili wa meza: mwenye kutafuta fedha, kushikilia haki za kitabu, kuvumilia kufilisika na kurudi tena.

Hilo ndilo somo ambalo maisha ya Broccoli yanawaachia vijana wa Ruvuma wanaopenda filamu, na leo wapo wengi wenye simu zinazopiga picha bora kuliko baadhi ya kamera za zamani. Kubishana nani ni Bond bora kunafurahisha, na hakuna ubaya wowote. Lakini mtu aliyeamua shujaa awe nani, adui awe nani na Kenya ionekane vipi, hakuwahi kusimama mbele ya kamera kama nyota. Jina lake hupita haraka mwanzoni mwa filamu, kabla hadithi haijaanza.